Bakung na Mbwamwitu wa Sun-moi

Sun-moi husikika kabla hajaonekana. Ukungu wa asubuhi ukiwa bado umejilaza juu ya mashamba ya chai, sauti hutoka bondeni: tuk, tuk, tuk, tuk, polepole, kama mtu anayegonga mlango wa jirani huku akijua fika kwamba atafunguliwa. Wachumaji wa mteremko wa juu hukaza kamba za kofia zao na kusema, "Mbwamwitu huyo, fungeni magunia." Kikongwe wa nyumba ya mwisho, ambaye masikio yake yaliacha kazi miaka mingi iliyopita, huisikia sauti hiyo kwa nyayo, sakafuni, akabandika birika.

Mbwamwitu ni pikipiki. Ana silinda moja, taa moja ya duara, na tangi la mviringo kama tikiti lililoiva. Kitufe cha kuwashia hana. Anawashwa kwa teke, na teke lenyewe lazima lipigwe kwa adabu. Kule milimani pikipiki za namna ile wote huziita hivyo hivyo, na karibu kila nyumba iliwahi kufuga mmoja. Wengi wamekwisha kufa. Huyu Sun-moi alimnunua mwenyewe akiwa na miaka ishirini na tisa, kwa chai ya kiangazi kimoja, mwaka ule vijidudu vya kijani vilipoyauma majani mpaka chai ikanukia asali na bei yake ikapaa. Marehemu mumewe alikuwa akiogopa hata baiskeli. Alikuwa akipanda nyuma amefumba macho, amekumbatia kikapu, na akishuka anauliza kama wamefika salama.

Na wepesi wa Mbwamwitu! Tufani moja ilimnyanyua kutoka uani ikamtundika juu ya mti wa matunda, mpersimoni wa jirani. Asubuhi Sun-moi alimkuta kule juu, taa inawaka, kuku wawili wamelala juu ya siti yake, na mmoja ameshataga. Mwaka mwingine petroli ilikwisha katikati ya mlima, Sun-moi akamtilia chupa ya pombe ya mchele. Mbwamwitu alipanda kona kumi na saba akiimba, akafika kileleni, akakataa kushuka mpaka alipopata usingizi kidogo.

Sasa Sun-moi ana miaka sitini na sita. Mwezi wa tano aliteleza na Mbwamwitu kwenye ule utelezi wa kijani unaoota barabarani, penye kivuli cha mianzi, akavunjika kidole cha mguu, kile kidogo cha mwisho, ambacho mwenyewe alisema hakuwa akikitumia. Lakini habari ilifika Taipei kwa bintiye wa pekee, Han, na Han akapanda treni.

Han anafanya kazi katika ofisi ya kuandikisha watu wanapokaa. Nani kahama, nani kazaliwa, mtaa gani, mlango wa ngapi. Watu humwogopa, maana akikuta namba moja imekosewa anakurudishia fomu yako na kukutazama kwa huruma.

"Mama, inatosha," alisema, hata mkoba hajautua.

"Kimetosha nini? Hujala bado."

"Mbwamwitu. Jumatatu watakuja watu wa vyuma chakavu na lori. Nimeshaongea nao."

"Ungeongea na mwenye mali kwanza."

"Mama, una miaka sitini na sita!"

"Na yeye ana thelathini na saba. Tujumlishe, tugawane nusu kwa nusu. Kila mmoja hamsini na kitu. Wanawake wa umri huo bado wanaposwa."

A-fuk, shemeji yake Sun-moi na fundi pikipiki wa kijiji, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula figili za chumvi ambazo hakukaribishwa.

"Msiniulize mimi," alisema. "Nikisema auzwe, nimepoteza mteja. Nikisema asiuzwe, nitampoteza shemeji."

"Shemeji gani wewe, unayeharibu plagi makusudi ili nije dukani?"

"Nisipoharibu utakuja kufanya nini? Unanitazama lini?"

"Ami A-fuk, sisi tunazungumza mambo ya maana," Han alisema. "Pikipiki yangu ya Taipei ina kitufe. Unabonyeza, unakwenda."

"Na inawaka?"

Han aliutua mkoba taratibu. "Wakati mwingine."

Kwa kuwa hakuna aliyemshinda mwenzake, wakaamua kama watu wa kule wanavyoamua: twende kwa Bakung. Bakung ni mungu wa ardhi ya mteremko ule. Ana ndevu nyeupe na kibanda cha mawe kisichozidi banda la kuku, na anamjua kila mtu kwa jina na kwa mlango wake, kama balozi wa nyumba kumi. Ukimuuliza jambo, unaangusha vipande viwili vya mianzi vilivyochongwa kama mwezi mwandamo, upande mmoja bapa, upande wa pili mgongo. Kimoja kikilala chali na mwenzake kifudifudi, amesema ndiyo. Vyote chali, anakucheka. Vyote kifudifudi, hataki.

"Ndiyo tatu mfululizo," Han alisema, "Mbwamwitu anapanda lori."

"Na zisipotimia?"

"Sitalitaja tena maishani."

Sun-moi alikubali, maana Bakung hajawahi kumgeuka. Lakini kesho yake asubuhi alimwosha Mbwamwitu taratibu kuliko siku zote. Alipofika kwenye tangi, pale rangi ilipolika kwa kugongwa na magoti yake mwenyewe, kitambaa kilisimama, kikakaa hapo kwa muda.

Kibandani Han aliweka machungwa, akachoma ubani, akapiga magoti. Akataja jina lake, siku yake ya kuzaliwa, mtaa, mlango, ghorofa, harakaharaka, kama anayesoma fomu. Kisha akauliza: "Bakung, pikipiki ya anwani hiyo, istaafu?"

Vikaanguka. Kimoja chali, kimoja kifudifudi.

"Ndiyo," A-fuk alinong'ona.

Akaangusha tena. Ndiyo.

Sun-moi aligeuka. Alimtazama Mbwamwitu aliyeegeshwa kando ya barabara, taa yake ya duara imewaelekea, kama ng'ombe anayesikia watu wanaulizana bei.

Mara ya tatu kipande kimoja kililala chali juu ya jiwe. Cha pili kiligonga ukingo, kikasimama wima, kikatoka mlangoni kikibingirika. Kikavuka mfereji, kikaingia barabarani, kikashika upande wa kulia, upande wa sheria kule, kama dereva mwenye leseni, kikateremka ukunguni.

"Kimekimbia!" Han alipiga kelele. "Naangusha upya."

"Thubutu!" A-fuk alimzuia mkono. "Bakung hajamaliza kusema, wewe unamkata kauli? Jibu ni pale kitakapolala. Kifuateni."

"Kwa miguu?"

Sun-moi alikuwa ameshapiga teke. La kwanza, kimya. La pili, kikohozi. La tatu: tuk, tuk, tuk. "Panda," alimwambia Han.

Wakapita shamba la kwanza, kipande mbele, wao nyuma. Wachumaji wakainuka kati ya mistari ya chai.

"Sun-moi! Unakimbizwa au unakimbiza?"

"Namkimbiza Bakung!"

"Ukimpata muulize mvua!"

Kisha ukungu ukawameza. Mistari ya chai ikawa inakuja na kuondoka pembeni kama samaki wakubwa wa kijani wanaogeuka majini. Barabara haikuonekana, na magurudumu nayo yakawa hayajui tena kama yanagusa ardhi au yanakumbuka tu kuigusa. Ni ile sauti moja tu iliyobaki duniani, tuk, tuk, na katikati ya tuk na tuk nafasi ndogo ya ukimya, ya kutosha mtu kukaa ndani yake.

Han alikuwa mtoto asiyelala. Sun-moi alikuwa akimfunga mgongoni kwa kitambaa na kumzungusha mlimani, njia ndefu, mpaka kile kichwa kidogo kilegee begani. Sauti hii ilimwingia masikioni kabla ya neno lolote. Na sasa Taipei, kwenye chumba chake, Han hapati usingizi. Mwaka wa tatu sasa. Jambo hilo hakumwambia mama yake. Mgongo wa mama ndio uliojua, maana baada ya kona ya tano shavu lilitua pale kati ya mabega, baada ya ile ya saba mikono ikalegea, na uzito ukaja, ule uzito wa mtu aliyelala, ambao si sawa na wa mtu aliye macho.

Sun-moi aliivuta mikono ya koti la Han mbele ya kiuno chake akaifunga fundo. Akashusha gia. Kipande kikatangulia, akakiacha kitangulie. Kilikuwa kimebeba hukumu yake, na yeye hakuwa na haraka nayo. Angependa kona ziongezeke, na nasikia asubuhi ile kweli ziliongezeka, maana badala ya kumi na saba alihesabu ishirini na tatu.

Bondeni, penye mawe ya kufulia kando ya kijito, kipande kilikuwa kimelala. Kifudifudi.

Chali kule juu, kifudifudi huku chini. Ndiyo ya tatu.

Sun-moi alisimama bila kuzima injini. Hakukuwa na mtu. Kipande kilikuwa karibu na mguu wake, mguu ule ule wenye kidole kidogo kisicho na kazi. Angekigusa tu, kingegeuka. Aliunyoosha mguu. Akaona hatimaye kidole kimepata ajira. Kisha akahisi pumzi ya Han mgongoni, ya joto, yenye kuamini, akaurudisha mguu mahali pake. Akakaa hivyo, injini ikigonga, mpaka Han alipozinduka.

"Nimelala?"

"Kona kumi na sita."

Han alijifuta mate. "Kimelala vipi?"

"Kifudifudi."

Sun-moi akazima. Mlima mzima ukanyamaza. Akachomoa ufunguo, akampa bintiye bila kumtazama. "Waambie wa lori wasimkokote. Awashwe, apande mwenyewe."

Han alishuka, akakiokota kipande, akakifuta kwa mkono wa koti. Akakitazama muda mrefu. Uso wake ukawa ule wa dirishani ofisini, wa mtu aliyeona namba moja imekosewa.

"Mama. Mtu akimuuliza Bakung, anataja anwani ya wapi?"

"Anapokaa. Si ndivyo nilivyokufundisha?"

"Nilitaja ya Taipei. Ghorofa ya tatu." Akakigeuza kipande mkononi. "Halafu nikauliza pikipiki ya anwani hiyo."

Kona ya mdomo wa Sun-moi ikaanza kutikisika.

"Kwa hiyo huyu mzee..."

"Amejibu mara tatu. Yangu ndiyo iende. Na ni kweli, nilikuficha tu, imekufa tangu mwaka jana."

"Lakini mwanangu, si wewe ndiye unayewarudishia watu fomu?"

"Ndiyo nakwambia. Fomu hairekebishwi kwa mdomo. Kinachosomwa ni kilichoandikwa." Akamrudishia ufunguo, akaukunja mkono wa mama yake juu yake. "Ila mvua ikinyesha hutoki. Tairi la nyuma libadilishwe. Na helmeti uifunge, si kuibandika kichwani kama sufuria."

"Sawa, bwana ofisa."

"Na turudi kwa njia ndefu."

"Ipi?"

Han alikuwa ameshapanda, shavu limeshatua mahali pake. "Ile ya kunilaza."

Kule juu A-fuk alisikia tuk, tuk ikipanda, ikakaribia, ikapita kibanda bila kusimama, ikaenda zake ukunguni. Akamtazama Bakung. Akatwaa chungwa moja la sadaka, akalimenya, akala nusu, na nusu nyingine akamwekea mzee mwenyewe.