Bomba Mbele ya Baraza

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkurugenzi wa Utafiti aliniuliza mbele ya wahandisi wote: "Binti, mashine ikiharibika twamwita fundi. Wewe tukuite lini?"

"Mashine ikiwa nzima na watu wakaikataa," nilimjibu. Walicheka, naye akacheka. Lakini hiyo ndiyo elimujamii ya sayansi na teknolojia: kuchunguza maisha ya chombo miongoni mwa watu.

Haukupita muda nikaitwa. Visima vya Mji wa Kale vina chumvi na uchafu, na taasisi yetu ilikuwa imefunga huko mtambo wa kuchuja maji. Maji yalitoka matamu, tena ya bure, ila wanawake hawakuja kuteka. Mkuu wa Mradi alikwisha kukata shauri: "Hawataki maendeleo hawa. Mwezi ukiisha twaung'oa, twaupeleka mtaa wa Tudor."

Nikaomba nafasi ya kufanya uchunguzi shirikishi, yaani kukaa na watu na kutenda watendayo. Nilipokewa nyumbani kwa Zuhura, mkazi wa hapo, ambaye kitindamimba wake alikuwa haishi kuumwa tumbo kwa maji ya kisima.

"Mbona basi huendi mtamboni?" nilimuuliza.

"Dadangu, huoni? Bomba liko mkabala na baraza ya wanaume. Pale wakaa baba mkwe, mashemeji, hata mwalimu wangu wa chuoni. Nipite na ndoo, buibui limerowa, wanihesabie hatua?"

Jirani akadakia kutoka dirishani: "Na ndoo moja haitoshi! Ukirudi mara ya tatu, watauliza nyumba hiyo yaogesha ng'ombe?"

Nilimshauri Mkuu wa Mradi bomba lielekezwe kichochoro cha nyuma, wanakopita wanawake.

"Ni hilo tu?" aliuliza. "Vipande viwili vya bomba?"

"Ni hilo tu, bwana."

Akamwita fundi. Jioni ileile foleni ya ndoo ilifika kwenye kona ya kichochoro, na Zuhura alikuwa wa kwanza.

Baadaye nilipelekwa bandari ya Mbaraki kuchunguza mitambo ya gatini, kisha nikafundisha hadi nilipostaafu mapema, moyo wangu umetua. Vijana huniuliza nimevumbua nini. Sikuvumbua kitu, nilisikiliza.

Juzi nilipita kichochoroni. Kando ya bomba wanawake wamejijengea baraza yao ya mawe, na Bi Zuhura akanisogezea nafasi. Mara akatokea mzee mmoja. Alipotuona alikohoa, akasimama, asijue aende au arudi.

"Pita, shemeji," Bi Zuhura alimwambia. "Sisi hatuhesabu hatua."