Vipande Saba vya Mchai wa Mzee

Nikiri mapema kwamba mimi Calvince ni muuzaji mwenye kiburi. Duka langu la vifaa liko Chepilat, nimelikalia miaka kumi na tisa, na mtu akija kununua msumari huwa nimeshamchagulia kabla hajafungua mdomo. Chepkurui ndiye mteja pekee aliyewahi kuninyamazisha mbele ya rafu zangu mwenyewe, na bado nafurahi nikikumbuka.

Chepkurui, tunayemwita Mama Benard, alichuma chai miaka ishirini na miwili katika shamba kubwa upande wa Kericho. Kisha zikaja mashine za kuchuma, na jina lake likaondolewa kwenye orodha. Alilaani mashine wiki nzima. Alipochoka kulaani akaenda kwa mzee Ogoti, fundi aliyekuwa na mashine ya kukereza mbao hapa sokoni, akamwambia, "Moja imeninyang'anya kazi. Nifundishe kutumia ingine." Ogoti alidhani ni mzaha, lakini mama alirudi kesho yake na aproni. Mgongo wa mzee ulipogoma, alimwachia mashine yenyewe. Leo wako wanaume waliosema mwanamke hataweza kazi hiyo, na usiku wanalala juu ya vitanda vyenye miguu aliyoikereza yeye.

Jumanne moja ya mwezi wa sita aliingia dukani akikumbatia mfuko wa kitambaa kama aliyebeba mayai.

"Baba Maxine," akaniambia, "nataka chaki."

Chaki, kwa asiyejua, ni kile chuma kinachofungwa kwenye mashine ya kukereza ili kishike mti unapozunguka. Nikauliza ni ya kazi gani. Akafungua mfuko, akapanga juu ya kaunta vipande saba vya mti, kila kimoja na urefu wa kidole, vimepasuliwa vizuri pembe nne.

Vilikuwa vya Kogo Sally, bibi mzee jirani yake. Kogo alikuwa ameng'oa chai yake kuukuu ili apande aina mpya, akabakisha kisiki kimoja tu, cha mchai wa kwanza aliopanda marehemu mumewe. Watoto wake ni saba. Walikuwa wamegombania mipaka ya shamba miaka miwili, mpaka Jonah, kifungua mimba, na Kipkurui, kitinda mimba, wakawa hawasalimiani hata mlangoni mwa kanisa. Sasa hatimaye walikuwa wamekubali kutia sahihi mgawanyo wa shamba Jumamosi, na Kogo alitaka kila mmoja atie kwa kalamu iliyotoka kwenye mchai wa baba yao. Alimwambia Chepkurui, "Na yeye awe hapo kwa karatasi." Kisiki kilikuwa kimeoza ndani. Vilipatikana vipande saba vizima, hakuna cha nane.

"Kalamu lazima nitoboe katikati, mwisho hadi mwisho," Chepkurui akaeleza. "Nikitoboa na drili ya mkono, inaenda kombo, inatokea kwa ubavu. Kwa kumi naharibu nne. Hizi nikiharibu, hakuna pahali nitatoa zingine."

Nikatabasamu kile kitabasamu changu cha muuzaji, nikashusha chaki yenye meno matatu. Mafundi wote wa chuma huichukua hiyo. Chepkurui akatia kipande ndani, akakaza, akaniangalia.

"Mti ina pembe nne, na hii ina meno matatu. Jino moja itakosa pa kushika."

Nikashusha ya meno manne. Hiyo aliipenda kidogo, akaikaza, kisha akasukuma ncha ya kipande kwa kidole. Kikacheza.

"Imeshika tu mwisho. Biti ya drili ikiingia, huku mbele itatikisika. Huna ingine?"

Nilikuwa nayo moja, imejaa vumbi, niliyoletewa kimakosa na msambazaji na kuitukana kila nilipoiona. Ilikuwa na mataya mawili tu, marefu, kila moja limechongwa mfereji katikati. Chepkurui akalaza kipande kati ya mifereji ile, akakaza, na mataya yakakikumbatia karibu urefu wake wote, pembe kwa pembe. Akakisukuma. Hakikusogea hata unywele. Basi yule mama alianza kucheka peke yake, na mimi, sijui nini kilinipata, nikacheka pia, nikafunga duka saa tano asubuhi nimfuate nikaone. Mke wangu Beldina aliniuliza kwa simu kama kuna msiba.

Kibandani kwake alifunga chaki upande unaozunguka, na biti upande wa pili, ambao hauzunguki, ikitazama katikati kabisa ya mti. Akawasha. Kipande kikawa kinazunguka bila kuyumba, na moyo wangu ukaenda mbio kana kwamba mali ni yangu. Akasogeza biti polepole. Unga wa mchai ukaanza kutoka. Biti ikafika nusu, kisha ikasikika kelele mbaya, kipande kikateleza ndani ya mataya, kikakamatana na biti na kupasuka vipande viwili.

Alizima mashine. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta uongo wa kuitetea chaki.

Yeye aliokota kipande kimoja, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa.

"Ni samli," akasema. "Ni mimi, Baba Maxine. Si chuma yako."

Kumbe alipomaliza kupasua mbao alizipaka samli zisipasuke kwa jua, jinsi nyanya yake alivyopaka vibuyu vipya vya maziwa, na jinsi yeye mwenyewe hupaka vyake hadi leo. Kibuyu hupona kwa samli. Mti unaobanwa na chuma huteleza. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mikono ilikuwa tayari inafanya kazi: alichota majivu ya jikoni, akasugua vile sita mpaka vikakauka, akavipitisha msasa.

Cha pili kiliingia. Akatoboa kidogo, akarudisha biti kutoa unga, akatoboa tena. Biti ikatokea upande wa pili katikati kabisa, kama uzi kwenye tundu la sindano. Cha tatu, sawa. Cha nne, sawa. Kufika cha saba nilikuwa nimesimama juu ya gogo, nikiimba, na majirani wamejaa mlangoni.

Jioni alikwenda kumwambia Kogo ukweli. Kogo akasema, "Leta hizo sita," akaingia ndani.

Jumamosi nami nilialikwa. Kalamu sita, za rangi nyekundu ya kahawia na zenye kung'aa, zilikaa kwenye kikapu mezani, na kila mtoto aliyefika alichukua yake. Kipkurui alipata ya mwisho. Jonah, kama wakubwa wote, alichelewa. Alipoketi, kikapu kilikuwa kitupu.

Karatasi ikazunguka. Sahihi sita. Ilipomfikia Jonah, wakili aliyeleta karatasi alimpa kalamu ya plastiki. Jonah aliitazama, akatazama mikono ya wadogo zake.

"Wote mko na mti ya baba," akasema taratibu, "mimi nipewe plastiki?"

Akachukua kofia yake, akasimama. Chepkurui aliyekuwa kando yangu alifumba macho. Miaka miwili ya maombi ya Kogo ilikuwa inaelekea mlangoni.

Ndipo Kipkurui akainuka. Alipangusa kalamu yake kwa shati, akazunguka meza nzima, akamnyooshea kaka yake kwa mikono miwili, jinsi mtoto anavyompa mkubwa. Jonah akaipokea. Kisha akaketi, akaandika jina lake lote, polepole, na kwa mazoea akaichomeka kalamu mfukoni mwake.

Akagutuka, akaanza kuitoa.

"Kaa nayo," Kipkurui akamwambia. "Nikiitaka, nitakuja kwako nyumbani."