Kiongozi wa Milimani na Kipokezi Chake

Kiongozi wa wapanda milima hakuweka kipokezi cha GPS mfukoni hata siku moja. Alikifunga begani, antena ikitazama juu, kwani mwili wa mtu, alisema, huziba setilaiti kama ukuta. Siku ile ukungu ulizama msituni, na chini ya miti minene kipokezi kikapotewa na setilaiti zote. Akarudi hadi penye uwazi, akawasogeza wenzake mbali, akakiinua kwa vidole vyake vinene.

“Mjomba, unasali?” mpwa wake wa kike akamtania.

“Nangoja, mama. Mwenye haraka atangulie.”

Hakutangulia mtu. Setilaiti ziliporudi na mshale kwenye kioo cha kipokezi ukatulia, aliona peke yake kwamba alikuwa akiwapeleka korongoni. Akakohoa kidogo.

“Nilikosea mimi, jamani. Tushike njia ya juu.”