Chupa Mbili za Silantoi

Silantoi wa Olasiti haamini mtu. Kliniki, wajukuu wa dada yake walipopelekwa kupimwa uzito, alimwambia nesi apande yeye kwanza kwenye mzani tuone. Buchani ananusa kisu kabla ya nyama. Sisi majirani tumeshamzoea, na akisikia namsimulia hivi ataniuliza nimetumwa na nani.

Mwaka huu alikuwa na sababu. Eunike, mke wa mwanawe, mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na sasa alibeba ya tatu. Silantoi alimshuku jirani wa ng'ambo kwa jicho la husuda, akamshuku fundi cherehani aliyempima Eunike kiuno, akamshuku hata Eunike mwenyewe kwamba anameza vidonge kwa siri. Asiyeshukiwa alikuwa ng'ombe wake mwekundu tu. Kila asubuhi, tangu mimba ya kwanza, alimkamulia mkwewe kikombe cha maziwa mabichi, akampa mlangoni, kisha akarudi baadaye kuchukua kikombe kitupu. Maziwa ya kuchemsha, alisema, ni ya chai na wageni.

Ndipo akaja Anneth, binti wa Kichaga anayefanya kazi kwenye maabara moja mjini. Alikuwa anapita kwa wafugaji kupima maziwa kama yana brusela, ugonjwa unaotoa mimba za ng'ombe na kuwapata watu pia. Akatoa kipande cha kioo chenye nukta ndogo nyeupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hizo nukta umezichora wewe?"

"Zimechapwa na mashine, mama. Ni jeli ya silika, kitu kilekile cha kutengenezea kioo, ila hii ina vitundu kama sifongo. Ndani tumefungia protini ya kijidudu chenyewe. Haiwezi kutoka, lakini maziwa yanaingia. Kama ng'ombe ameugua, maziwa yake yana kitu kinachoing'ang'ania ile protini. Nikiweka dawa, nukta inageuka bluu."

"Kilichofungiwa hakionekani, na dawa unaweka wewe," Silantoi alisema. "Haya, endelea."

Akadondosha maziwa ya ng'ombe wote wawili wa Silantoi. Nukta za yule wa madoa zilibaki nyeupe. Za mwekundu zikawa bluu. Anneth akasema maziwa hayo yasinywewe mabichi, na daktari wa mifugo aitwe kuhakikisha. Silantoi alimkazia macho. Yeye aliuona mpango wote: binti amtie ng'ombe ila, daktari aitikie, kisha atokee mnunuzi amchukue kwa bei ya mbuzi.

"Mchaga hapandi huku bure," aliniambia kwenye ua wangu. Na kikombe cha Eunike hakikukosa.

Anneth aliporudi kupima tena, alikuta mtego. Silantoi alikuwa ametia maziwa ya mwekundu kwenye chupa moja akasema ni ya wa madoa, na ya wa madoa akayaita ya mwekundu. Aliyejua ni mimi tu. Tulimtazama binti wa watu akidondosha maziwa, na nakiri nilitaka anaswe.

Bluu ikatokea kwenye nukta za chupa iliyoitwa ya wa madoa.

Anneth akakunja uso. "Samahani mama, juzi ilikuwa ni mwekundu. Labda nimekosea mimi. Naomba nirudie."

"Usirudie," Silantoi alisema.

Akakaa juu ya ndoo. Kioo hakikujali jina alilowapa wale ng'ombe; kilikuwa kimemfuata mwekundu mpaka ndani ya uongo wake. Nilijua anawaza zile mimba mbili, na kikombe kilichotoka mkononi mwake kila asubuhi. Nilimhurumia mpaka nikashindwa kumtazama.

Alimwita Eunike, akamweleza yote mbele yetu bila kujificha.

"Ni mimi, mwanangu. Nimekunywesha kwa mkono wangu. Hata leo."

Eunike alishika tumbo, akainama.

"Yeyo, mama yangu, usinikasirikie. Mimba hii sijaonja hata tone. Huwa nayamwaga kwenye migomba."

"Kwa nini?"

"Nilidhani unaniwekea kitu."

Ilimuuma Silantoi, niliona ilivyomuuma. Miaka yote ameshuku watu, wala haikumjia kwamba na yeye anashukiwa, tena ndani ya boma lake. Machozi yalimtoka waziwazi. Kisha akamshika mkwewe mkono.

"Umefanya vizuri," akasema. "Nishuku hivyohivyo mpaka mtoto azaliwe."