Fatwa Niliyoitafuta

Nakumbuka vizuri siku niliyobisha mlango wa sheikh wa tatu, mwanangu, na leo umenikumbusha kwa lazima. Nimekuuliza jambo moja tu: utampa kaka yako figo au humpi? Badala ya kunijibu ukanitolea simu, ukanionyesha wataalamu wa ng'ambo wanaotengeneza figo za mashine, na wengine wanaojaribu za nguruwe. Ati tusubiri kidogo. Nimechoka na hiyo "tusubiri kidogo", kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuisema. Ila zama zetu hatukuwa na simu za kujifichia, mimi nilijificha kwa masheikh.

Dada yangu Zuhura ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Figo zake zilipokufa, alihamia Mombasa kwa shangazi ili awe karibu na mashine ya kusafisha damu. Nikapimwa, daktari akasema figo yangu inamfaa. Barazani hapa mtaani kwetu Mkomani, mbele ya jamaa wote, nikasema nitampa. Watu wakanisifu, nami nikasifika. Binamu yetu Bakari wa Kiunga, aliyekuwa tayari kupimwa, akaambiwa apumzike, maana ndugu wa tumbo moja yupo.

Kesho yake nikaanza kujishika ubavu kila nilipokaa. Niliogopa kisu, na niliogopa kubaki nusu mtu kabla hata sijaoa. Lakini kusema hivyo ningeona haya, kwa hiyo nikatangaza kwamba nataka kwanza kujua dini inasemaje. Mimi huyo, ambaye alfajiri nilikuwa naisali jua limeshatoka.

Sheikh wa kwanza, hapa hapa mjini, alinieleza kwamba wanazuoni wengi wanaruhusu, mradi figo isiuzwe na mtoaji asiangamie, na kwamba kuokoa nafsi kuna thawabu kubwa. Nikamshukuru, nikapanda boti hadi kijiji cha Mbwajumwali kwa mwingine. Huyu naye, baada ya kunilisha samaki, akaniambia yale yale. Nikarudi nimenuna. Miezi ikapita hivyo, shangazi akituma watu kuuliza naenda lini, nami nikijibu kwamba bado nauliza.

Wa tatu alikuwa maalim wangu wa chuo cha Kurani, mzee aliyenifundisha alifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua nimeshawauliza masheikh wangapi. Nikamwambia wawili.

"Na mimi nikikwambia yafaa, utakwenda kwa nani tena?"

Mkono wangu ukaenda ubavuni.

"Wewe hukuya kutafuta ndia ya dini. Waogopa. Kuogopa si haramu, lakini kumweka mtu akikungojea ni dhulma. Nenda kamwambie."

Nilikwenda Mombasa. Nikamwambia Zuhura, macho yangu chini, kwamba naogopa kupasuliwa. Nilitegemea atanilaani, na ningefarijika. Akanitazama tu, uso umemvimba kwa ugonjwa.

"Ungalinambia siku ile," akasema, "ningalimwita Bakari."

Bakari aliitwa, akapimwa, naye pia akafaa. Lakini moyo wa dada ulikuwa umeshachoka, na madaktari wakasema hauwezi tena kuhimili upasuaji. Tulimzika kabla ya Ramadhani. Hakuna aliyenilaumu mbele yangu. Bakari mpaka leo akija mjini hunishika mkono na kuniuliza hali kwa upole, na upole wake huo siuwezi. Figo zangu zote mbili ninazo, nzima kabisa.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Hizo figo za mashine zikija, alhamdulillahi, nitafurahi kuliko wewe. Lakini kaka yako, anayefungwa mipira mkononi siku tatu kila wiki, hazingojei hizo, anakungoja wewe. Sikulazimishi. Figo ni yako, daktari atakueleza hatari zake, na ukikataa utabaki mwanangu vile vile. Ila jibu. Sema utatoa, uendelee na vipimo vyako, au sema unaogopa, ili mwengine ajitokeze mapema. Weka hiyo simu, vaa viatu, nenda kwake sasa hivi kabla ya adhana ya alasiri.

Mola amponye kaka yako, akupe ulimi mwepesi kuliko wangu, na akujaalie uzee ambao ukijishika ubavu hutamkumbuka mtu.