Upepo wa Ardhi ya Barabara

Baba alipokinunua kiwanja chetu, nyuma kidogo ya Amani, muuzaji alimwambia mambo mawili kwa pumzi moja: mbele ya nyumba yenu hapatajengwa kitu, maana hapo pamewekwa kwa ajili ya barabara. Baba aliyasikia yote mawili. Mama alisikia la kwanza tu.

Walikuwa wametoka kwenye majumba ya Michenzani, ghorofa ya juu, ambako mama alichoshwa na ngazi na redio za majirani. Alipouona ule uwazi mbele ya nyumba yake mpya, umeota majani, umenyooka mpaka macho yanachoka kuufuata, aliuchukua kama sehemu ya mahari yake. Baba akamjengea baraza la saruji linalotazama huko. Kila siku baada ya alasiri mama alikaa hapo kushona kofia, upepo ukimjia usoni bila ya kugonga ukuta wa mtu. Baba alifariki, mimi nikaolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani na kupata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya Mji Mkongwe. Mama na baraza lake walikuwa pale pale.

Jina la kiserikali la ule uwazi lilikuwa hifadhi ya barabara, lakini mtaani tuliuita "barabarani". Tukianika nguo barabarani. Vijana wakicheza mpira barabarani, na harusi zikifungiwa turubai barabarani. Mgeni akielekezwa kwamba nyumba yetu imetazama barabara, alizunguka nusu siku akitafuta lami.

Wa kwanza kujaribu kujenga hapo alikuwa jirani yetu, fundi seremala. Asubuhi moja alishusha matofali. Mama alitoka, mtandio kichwani, sindano ya kofia mkononi.

"Bi, shikamoo," fundi alimuwahi.

"Marahaba. Haya matofali ya nini?"

"Nnataka kibanda cha kufanyia kazi tu. Vitanda vya wateja vimejaa mpaka chumbani, mke wangu hana pa kupita."

"Hii ardhi ya barabara."

Fundi akatazama kulia, akatazama kushoto. Palikuwa na mbuzi mmoja.

"Barabara yenyewe iko wapi, Bi?"

"Inakuja."

"Tangu mdogo, nnasoma chuo cha Kurani, inakuja."

"Basi ikija isikukute umekaa katikati na vitanda vyako."

Mama akaenda kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu, ambaye hakupenda ugomvi na mtu yeyote na kwa hiyo alimuogopa mama kuliko wakubwa zake. Kabla ya adhuhuri matofali yalikuwa yamepakiwa tena. Fundi alinuna miezi. Akipita alitoa salamu kama anayezungumza na ukuta.

Wengine walifuata. Huyu alitaka banda la kuku, yule pahala pa kuoshea magari. Alipokuja mwalimu wa madrasa kuomba radhi ya majirani aezeke banda la kusomeshea watoto, nilidhani mama atalegea. Alimkaribisha kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kuwa elimu ni kitu kikubwa mno, haifai kuwekwa mahali litakapopita greda. Mwalimu aliondoka akishukuru.

"Mama," nilimuuliza tulipobaki wawili, "kweli unaamini barabara itakuja?"

Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Hii? Nshazeeka mie, haijaja. Lakini watu lazima waheshimu mipango."

Ndivyo tulivyoishi, mama akiilinda barabara kwa bidii yote ili asije mtu akaujengea upepo wake, na sote tukiwa na yakini kwamba haitojengwa. Nyumba nyengine zote za mbele, kutoka kwetu mpaka chini, zilibaki nyuma ya mstari kwa sababu yake. Kwenye mitaa mingine ya njia ile ile watu walijenga maduka, mabanda, hata nyumba za ghorofa, na hakuna aliyewauliza.

Kisha tukaitwa mkutano skulini. Alikuja binti kutoka ofisi ya mipango miji, mpole, mwenye sauti ndogo, akatundika ramani ubaoni. Alieleza kwa nini mji unaokua unahitaji kuitunza ardhi ya njia kabla haijahitajika, na taabu inayotokea ardhi hiyo ikiliwa. Mama, aliyekaa mstari wa mbele, alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno. Mara moja aligeuka nyuma kumtazama fundi.

"Nataka niseme kitu," alisema yule binti. "Nimeitembea njia yote hii kwa miguu. Mtaa huu ndio pekee ambao hifadhi yake iko salama kama ilivyochorwa. Nimemuuliza sheha, akaniambia ni kazi ya Bi mmoja." Akamuonesha mama kwa mkono. Watu wakapiga makofi. Wallahi mama alirekebisha mtandio kama bibi harusi.

"Kwa hiyo," binti akaendelea, "kule kwengine itabidi kwanza tuzungumze na waliojenga, na hilo litachukua muda. Hapa hakuna wa kuzungumza naye. Tutaanzia hapa."

Makofi yaliendelea kidogo, halafu yakapungua moja moja watu walivyoanza kuelewa. Mama alinyanyuka.

"Mtaanza lini?"

"Kiangazi hiki, Bi. Tukijaaliwa."

"Kwani kule kwengine hapana pa kuanzia? Hata padogo?"

"Kule watu wamejenga. Kwenu ni kweupe."

Kutoka nyuma nilisikia sauti ya fundi, bila ya kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililouma: "Hongera, Bi."

Kesho yake asubuhi mama hakugusa chai. Alivaa baibui akaenda kwa fundi, na mimi nikamfuata kwa kuwa sikuupenda ule mwendo wake.

"Hodi."

"Karibu, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Fundi, kile kibanda chako, bado unakitaka?"

Fundi aliweka randa chini. "Kibanda kipi?"

"Kile ulichotaka kukijenga pale mbele. Nimefikiri. Mtu hawezi kukosa pa kufanyia kazi. Mie sina neno."

Alimwangalia mama kwa muda, na nilidhani atacheka. Hakucheka. "Bi, pale si ardhi ya barabara?"

"Ni ardhi ya barabara."

"Basi mie siwezi kujenga pale. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifunza."

Tulikwenda kwa mwalimu wa madrasa. Naye alikwisha kupata pahala pengine, tena pazuri, akamuombea mama dua ndefu kwa nasaha aliyompa siku ile. Mama aliitikia amina akiwa amekunja uso.

Wapima ardhi walikuja na kamba na vigingi vyekundu. Mama aliwapelekea chai na mkate wa ufuta, jambo lililonipa wasiwasi, kisha akakaa barazani kuwatazama. Walipima kutoka juu wakishuka, nyumba hata nyumba, na kila walipofika kigingi kilianguka mbali na ukuta. Walipofika kwetu waliurudia upimaji. Wakaitana. Wakamwita yule binti wa mipango, aliyekuwa chini kwa fundi, akaja anatembea polepole.

"Bi," alisema, akachuchumaa ili asizungumze na mama akiwa juu yake. "Nyumba yako iko sawa kabisa. Ila baraza. Baraza lote liko ndani ya barabara."

Mtaa mzima, mtu pekee aliyejenga juu ya ile ardhi alikuwa baba yangu.

Nilimuona mama akilitazama lile baraza la saruji alilolikalia miaka yote akiwafukuza watu wengine, na usoni mwake nikaona huzuni, lakini na jengine pia, kama mtu anayejizuia asicheke msibani. "Huyu mume wangu," alisema hatimaye. "Hakuniambia." Akakusanya uzi wake, kofia, na mto wa kukalia, akaingia ndani. Kutoka ndani akapaza sauti: "Vunjeni! Si ardhi ya barabara?"

Walivunja wiki ile. Fundi alikuja siku ya pili yake na benchi la mninga, lina mgongo na mikono, akaliweka mlangoni. "Hili halina msingi, Bi. Likitakiwa kuondoka linanyanyuliwa." Hakutaka malipo, na mama hakubishana naye, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia tena.

Sasa lami iko, taa ziko, na upepo ukija unakuja na vumbi na honi. Kwa muda mama alihamia uani kushonea huko, akalalamika kwamba uani hapiti mtu wa kumsemesha, akarudi. Akitaka kwenda kwa wenzake ng'ambo ya pili lazima asubiri mpaka dereva mwenye imani asimame. Lakini njia ya kusini imekuwa nyepesi, na mwezi uliopita nilimpeleka Makunduchi kumtembelea mama mdogo, mdogo wake aliyeolewa huko. Tulikula wali wa nazi na pweza. Baada ya chakula mama mdogo akatueleza kwamba wamekuja watu wakaweka vigingi pembeni mwa ua wake, wakasema hapo paachwe, huenda siku moja patapita njia.

Mama aliacha kunawa mikono. "Jenga," alisema. "Jenga chochote. Jenga banda leo leo."

Njiani kurudi aligeuka mara mbili kutazama nyuma, tukaupita msitu wa Jozani. Kisha akasema, "Nimemkosea yule. Watamvunjia. Mpigie simu umwambie asijenge kitu."

Nilisimamisha gari pembeni, nikapiga. Alipokea mumewe. Akasema mkewe hayupo, katoka na jirani, wamekwenda kuulizia boriti.