Saa Tatu na Mijusi Wasio na Miguu

Mwaka 2017 nilikuwa na viinitete vitano vya mjusi ambavyo nisingevipata tena popote. Vilikuwa vimehifadhiwa vichupani tangu kabla sijazaliwa, vya mjusi wa milima ya kwetu Tanga, asiye na miguu, ambaye kwa macho ya watu ni nyoka na hufa kifo cha nyoka. Watu wa makumbusho yaliyovitunza walinipa kwa shingo upande. Sura nzima ya tatu ya tasnifu yangu ilisimama juu ya vitu hivyo vitano, kila kimoja kidogo kuliko kucha yangu.

Swali langu lilikuwa rahisi kulisema. Huku Afrika Kusini, nilikokuja kusoma, kuna mjusi mwingine asiye na miguu, anayeishi mchangani. Si ndugu wa karibu wa yule wa kwetu. Mababu wa wote wawili walikuwa na miguu minne, kila ukoo ukaipoteza kivyake. Kwa nini basi wamefanana hadi mtu awachanganye? Wengi husema ni maisha ya udongoni, maana miguu ni kero shimoni. Sawa. Mimi nilishuku kwamba nusu ya jibu imo tumboni mwa mama: kiinitete kina njia chache za kubadilika. Pingili za mgongo zinaongezeka, mguu unachelewa, unakwama. Koo mbili zikianza safari hiyo hujikuta zimepita mlango mmoja. Wa kusini nilikwisha kumwona angali kiinitete. Mguu wake wa nyuma huanza, huwa kinundu, kisha husimama. Nilitaka kujua wa kwetu husimama wapi, kama aliwahi hata kuanza.

Msimamizi wangu hakuipenda sura hiyo. Alisema vitano ni vichache mno. Mimi ni mbishi tangu utotoni, nikaendelea.

Mhudumu wa maabara yetu, kule Doornfontein, alikuwa mzee wa Lubumbashi aliyewahi kuwa mwalimu kwao. Tulipiga soga kwa Kiswahili kutwa, nikajiona nimepata ndugu. Jioni moja nilivilaza viinitete kwenye dawa inayolainisha nyama polepole, ili gegedu, ile mifupa laini niliyokwisha kuitia rangi ya buluu, zionekane. Kesho yake asubuhi ilinibidi kupanga foleni ya kibali cha kuishi. Nikamwomba, "Baba, nitolee saa tatu. Usizidishe hata kidogo."

Niliporudi alasiri alikuwa ndiyo kwanza amevitoa, amevipanga mezani kwa unadhifu wake wote. Vinne vilikuwa uji wenye chembe za buluu.

"Baba, umeniua!" nilipiga kelele. "Nilikwambia saa tatu!"

"Lakini mama, saa tatu njo hii," alisema, akinionyesha saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa umepita kidogo tu namba tatu.

Nilikaa sakafuni. Kwao saa husemwa kama namba za ukutani zinavyosema, na tatu yao ni saa tisa yetu ya alasiri. Kwetu saa tatu ni asubuhi, watu wamekwisha kunywa chai. Saa za kazi tulizoea kuzitaja kwa Kiingereza, ndiyo maana hatukuwahi kugongana. Siku niliyomwagiza jambo kubwa kuliko yote ndiyo nilimwagiza kwa lugha ya nyumbani, na sikueleza. Niliona aibu kuliko hasira, nikamwomba radhi pale pale.

"Eish, mama. Hata miye ninaumia," alisema. "Lakini moja iko."

Ilikuwa kweli. Cha tano, kikubwa kuliko wenzake, kilikuwa kimechubuka ngozi tu. Nililia ndani ya teksi mpaka Rosettenville nilikoishi, sikujificha.

Msimamizi aliniambia niifute sura, niandike juu ya wa kusini peke yake, nimalize salama. Nikakataa. Akauliza kiinitete kimoja kitathibitisha nini. Nikasema hakitausemea ukoo mzima, lakini kitaonyesha kama mguu ulianza. Alinipa wiki mbili.

Wiki hizo sikumwachia mtu kiinitete hicho. Nilikihamisha kutoka dawa moja hadi nyingine nikiwa nimebana pumzi. Mzee aliniandalia vyombo kila asubuhi, nami nikimuuliza kila kitu mara mbili, akinicheka.

Siku ya mwisho nilikilaza ubavu chini ya hadubini. Pingili zilikuwa nyingi hadi nikapotea kuzihesabu. Karibu na mkia palikuwa na kinundu cha buluu, kama chembe ya chumvi. Niliweka picha ya wa kusini kando yake. Vilikuwa vimesimama mahali pamoja, kabla goti halijatokea. Nilikimbia kumwita msimamizi.

Aliinamia hadubini. "Utajuaje kwamba huu si uchafu wa rangi?" aliuliza. "Ngozi yenyewe imechubuka."

Nilikuwa sijakigeuza bado, kwa hofu ya kukivunja. Nilichukua kibanio, nikakigeuza mbele yake.

Upande wa pili, mahali pale pale, kulikuwa na kinundu kingine.